Bwana Josho na Chumvi ya Jumamosi

Hakuna mtu aliyewahi kutazama ndani ya kinywa changu kama Bwana Josho. Mke wangu tumelala naye kitanda kimoja tangu nikiwa na nywele, na hajui kwamba jino langu la mwisho upande wa kushoto limemeguka. Bwana Josho alijua. Alijua pia nilichokula jana yake, na hakuona haya kutoa maoni.

Nimeambiwa amezikwa Ikola, karibu na ziwa. Habari ilinifikia siku tatu baada ya mazishi, nikiwa nagongomea mzinga wa nyuki uani kwangu, Misunkumilo. Niliweka nyundo chini nikakaa. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu, na maneno ya msibani hunishinda. Shule niliishia darasa la saba. Lakini binti yangu Neema aliacha daftari lenye kurasa nyingi tupu, basi nimeona niandike niliyoyaona. Alikozaliwa Bwana Josho na ukoo wake sivijui vizuri. Ukimuuliza ukoo wake, alikueleza ukoo wa ng'ombe wake.

Jina lilitokana na kazi. Kwa miaka mingi alisimamia josho, lile birika refu la dawa ambamo ng'ombe hupitishwa wakaogelea ili kupe wafe. Alipostaafu, birika lilibaki na nyufa na vyura, yeye akabaki na jina. Alibaki na mabuti ya mpira pia. Aliyavaa kiangazi na masika, aliyavaa harusini, na siku moja nilimwona ameyavaa na suti.

Kitu kingine alichotoka nacho joshoni ni kuhesabu. Mahali popote penye mlango, Bwana Josho alisimama pembeni na kuhesabu wanaoingia na wanaotoka. Kwenye harusi ya jirani yetu, mmoja wa wale wenye asili ya Burundi ambao kwaya yao inasikika mpaka barabara kuu, alikaa getini mpaka jioni. Kisha akamwendea baba wa bwana harusi kwa siri.

"Walioingia ni mia na nne," alimnong'oneza. "Waliotoka mia na tatu. Kuna mmoja bado anakula."

Binadamu aliwapima kwa kipimo kilekile cha ng'ombe. Mchungaji mpya alipohamia mtaani, sisi tulizungumzia mahubiri yake. Bwana Josho alisema anasimama vizuri, miguu ya nyuma iko sawa. Neema alipozaliwa alikuja kumwona, akampapasa mgongo na kusema, "Huyu atakuwa na maziwa." Mke wangu hakujua ashukuru au amfukuze. Akampa chai.

Kwa dawa za wengine alikuwa simba, ila za kwake aliziogopa. Siku moja walikuja watu wa chanjo, naye akapita nyumba kwa nyumba kutuswaga. Alitupigia mluzi kabisa, ule wa ng'ombe, tukajipanga. Zamu yake ilipofika hakuonekana. Walimkuta katikati ya mahindi yake ameketi juu ya ndoo.

"Mzee, unafanya nini huku?" waliuliza.

"Nahesabu mahindi."

Alichanjwa palepale, amefumba macho, huku ameshika muhindi kwa mikono miwili.

Mimi niliugua kifua kikuu, na si kile cha kawaida bali kile sugu ambacho dawa za mwanzo hazikiwezi. Nililazwa kwanza, halafu nikaruhusiwa kuendelea na dawa nyumbani kwa zaidi ya mwaka. Sharti lilikuwa moja: awepo msimamizi, mtu wa kuja kila siku kuniona nikimeza. Mke wangu, Mama Neema, ndiye angefaa, lakini alikuwa anauza mboga sokoni tangu alfajiri. Ndugu zangu walikaa kikao. Mmoja mgongo ulikuwa unamuuma, mwingine alikuwa na safari, na wa tatu alisema angekuja akipata baiskeli, akasema hivyo akiwa ameishika baiskeli.

Bwana Josho alikuwa amepita tu kuomba kamba. Alisikiliza kikao chote kutoka kwenye uzio.

"Nimemezesha fahali wenye pembe," alisema. "Huyu Mbende ana nini cha kunitisha?"

Utani wetu haukuwa wa kurithi kwa wazee. Yeye Msukuma, mimi Mbende, tuliutengeneza wenyewe kwa kuwa viwanja vyetu vimepakana. Yeye aliniita Mbende, nami nilimwita Mzee kukiwa na watu na Msukuma tukiwa wawili. Kazi yangu ni kuchonga mizinga ya nyuki, na yeye aliogopa nyuki kuliko sindano. Kwa hiyo kila asubuhi alinitukania mizinga yangu, nami nikamtukania ng'ombe wake, na hapo siku ilikuwa imeanza.

Nesi wa kituo cha afya alimfundisha usimamizi kwa nusu saa. Bwana Josho alisikiliza kwa heshima, kisha akafanya alivyojua. Aliniweka juani, nje, yeye akiwa na barakoa yake. Nikimeza, nilifungua kinywa, nikainua ulimi, nikageuza shingo huku na huku. Halafu alinipitisha kidole kooni kutoka juu kwenda chini, taratibu, kama anavyofanyiwa ndama ili asiteme dawa.

Nesi alipomwona akifanya hivyo alimwambia, "Baba, hiyo ya kooni si lazima."

"Sista, wewe una cheti," alijibu. "Mimi nina mkono."

Pale kwenye kituo tulipewa kadi ya kutia alama dawa zikimezwa. Kadi haikumtosha. Alileta chaki, na kwenye mlango wetu wa mbao, ambao Mama Neema alikuwa ameupaka rangi mwezi uliopita, akawa anachora mistari. Mstari mmoja ulikuwa wa dawa. Wa pili ulikuwa wa kile alichokiita chumvi. Wa tatu ulikuwa wa ubishi.

"Ubishi wa nini, Baba?" aliuliza Mama Neema.

"Mnyama aliyemezeshwa dawa usimtazame mdomo tu. Mtazame kama bado anapiga teke. Mumeo akinibishia nachora. Asiponibishia, sichori."

"Na mlango wangu?"

"Mlango haubishi."

Sasa nifike kwenye hiyo chumvi. Pamoja na rundo la dawa, tulipewa pakiti ya vidonge vidogo vya vitamini. Nesi alitueleza siku ya kwanza. Alisema moja ya dawa zangu inaweza kusumbua mishipa ya fahamu na hata kichwa, mtu akaingiwa na huzuni asiyojua ilikotoka, na kwamba vitamini ile hutolewa kusaidia kukinga. Mimi nilikuwa nakohoa, nilishika nusu tu. Bwana Josho alishika yote, lakini aliyashika kwa lugha ya josho. Kwake, kitu chochote kinachopewa mnyama ili dawa isimchoshe ni chumvi, lile jiwe la madini ambalo ng'ombe hulamba. Na josho kwake lilikuwa na utaratibu: wiki nzima hakuna, Jumamosi ndiyo siku ya chumvi, na siku hiyo wanalamba mpaka wanatosheka.

Basi kila siku alikitoa kidonge cha vitamini kwenye pakiti, akakiweka kwenye kikopo cha kahawa. Jumamosi alinimiminia vyote saba kiganjani.

Mama Neema alijaribu. "Baba, mimi nilisikia nesi akisema kila siku."

"Mama Neema, ukimchanganyia dawa na chumvi siku moja, tumbo linachagua chumvi, dawa linaiacha. Nyie mnauza mboga, hili niachieni mimi."

Alisema kama mtu anayejua, na mimi nikameza. Nilikuwa mtu mzima mwenye akili zangu na ninajua kusoma. Kwenye pakiti iliandikwa kimoja kwa siku. Niliisoma. Nikaona aibu kumsahihisha mtu aliyekuja wakati ndugu zangu hawakuja. Hilo ni kosa langu na naliandika hapa.

Kituoni hawakugundua, kwa sababu kila tulipokwenda nesi alihesabu vidonge vilivyobaki, na hesabu ilikuwa sawa. Kwa kuhesabu, Bwana Josho hakuwa na mwenzake.

Huzuni haikuja kwa kishindo. Kwanza niliacha mzinga mmoja nusu, nikasema nitaumalizia kesho. Kesho hazikuisha. Halafu nikawa nasikia Mama Neema anacheka na wateja wake pale kwenye uzio, na kicheko kinanifikia kama cha nyumba ya pili. Chakula kilikuwa chakula tu. Nilikuwa nimekaa juani tangu asubuhi na sikuwa na jambo hata moja ninalolitaka, hata kivuli. Nikaanza kufikiri kwamba nyumba hii ingekuwa nyepesi bila mimi. Sikulifikiri kwa hasira. Nililifikiri kwa utulivu, kama mtu anavyofikiri kuhamisha kabati, na utulivu huo ndio unaonitisha hadi leo nikiukumbuka.

Sikumwambia mtu. Mwanamume anayekohoa anaeleweka, lakini mwanamume anayekaa tu angeelezaje?

Mlango ndio ulionisema. Mistari ya dawa ilikwenda sawa, ya Jumamosi ilikuwepo, ila ile ya ubishi ilikatika. Siku ya kwanza Bwana Josho alidhani nimelala vibaya. Siku ya pili alijitahidi.

"Mbende, mizinga yako hata nzi hawezi kupanga chumba."

"Ndiyo," nilisema.

"Mtu akiiweka juu ya mti, mti unaona aibu."

"Ndiyo, Mzee."

Siku ya tatu alimgusa marehemu baba yangu, ambaye hatukuwa na desturi ya kumgusa. Alisema ndiye aliyenifundisha kuchonga, na kwamba alinifundisha akiwa amefumba macho. Nikasema ndiyo.

Bwana Josho aliweka chaki mfukoni. Hakuchora kitu chochote, hata mstari wa dawa niliyokuwa nimemeza mbele yake. Akaenda kwake na kurudi na baiskeli.

"Panda," alisema.

"Tunaenda wapi?"

"Nimeona ng'ombe wakikaa hivi. Wanajitenga na wenzao, masikio yamelala, hawafukuzi nzi. Huwa sisubiri kesho yake."

Alinipakia nyuma, mzee yule, na mabuti yake, akaendesha mpaka kituo cha afya bila kupumzika. Mama Neema alitufuata kwa miguu akiwa bado na fungu la mchicha mkononi. Njiani Bwana Josho hakusema neno. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa naye muda mrefu hivyo bila kutukanwa, na hata hilo halikunishangaza.

Nesi alinikalisha kwenye benchi la nje na kuniuliza maswali polepole. Nilijibu yote kweli, na lile la nyumba kuwa nyepesi pia. Mama Neema alikaa chini. Nesi aliita daktari, na kabla daktari hajafika akamgeukia Bwana Josho.

"Dawa anameza?"

"Zote."

"Na vitamini?"

"Zote, Sista. Kila Jumamosi."

Nesi aliweka kalamu chini. Kisha akauliza, "Jumamosi vipi?"

Bwana Josho alieleza. Alieleza vizuri, kwa fahari kidogo, mpaka kikopo cha kahawa alikitaja. Alipofika kwenye vidonge saba aliiona sura ya nesi, na sauti yake ikaanza kupungua, ikapungua, hadi sentensi ya mwisho akaisema kwa midomo tu.

Sikuwahi kumwona akiwa mdogo vile. Hakujitetea. Alivua kofia, akasema, "Mimi ndiye niliyekosea. Huyu alimeza nilichompa. Andika jina langu."

"Hatuandiki majina, Baba," nesi alimwambia. "Tunamtibu mgonjwa."

Daktari alisema ninachoumwa kina jina, kinaitwa sonona, na kwamba si uvivu wala si kurogwa. Alipunguza kiasi cha ile dawa moja. Vitamini akasema kila siku, akairudia mara tatu akimtazama Bwana Josho. Alitaka nionekane kituoni kila wiki, na Mama Neema asiniache peke yangu kwanza, na mawazo yale yakirudi niseme, hata kama ni usiku. Mama Neema alimuuliza kama ni vile vidonge saba vilivyonifikisha pale. Daktari hakusema ndiyo wala hapana. Alisema dawa ile ina tabia hiyo, wapo wanaomeza vitamini kila siku bila kukosa na bado inawapata.

Asubuhi yake Bwana Josho hakuingia uani. Alisimama nje ya uzio na kofia mkononi.

"Mbende, meza," alisema kwa mbali. "Mimi nitatazama kutoka hapa. Kisha tafuteni mtu mwingine."

Mimi sikuwa na nguvu za kujibu. Mama Neema alikuwa nazo.

"Baba, ukisimama huko meno yake utayaona kwa darubini? Ingia. Na ule mstari wa Jumamosi uufute mwenyewe, umeniharibia mlango."

Aliingia. Alifuta kwa kiganja. Kuanzia siku hiyo alinipa kidonge cha vitamini kila asubuhi kama mtu anayekabidhi yai, na alikitaja kwa jina lake kamili, vitamini, hakukiita tena chumvi.

Kosa lile lilimfanya awe mwanafunzi. Alisikiliza vipindi vya afya redioni, akaja na habari kwamba mafuta ya samaki yanasaidia watu wenye huzuni. Huyu alikuwa mtu asiyekula samaki. Alisema hawezi kula kitu asichoweza kukichunga. Sasa kila wiki alileta dagaa wa Ikola kwenye mfuko wa rambo, amenyoosha mkono mbele kama amebeba nyoka. Mama Neema aliwapika na karanga. Nesi tulipomuuliza alisema dagaa ni chakula kizuri, nile, ila tusiwafanye kuwa dawa na tusiache hata kidonge kimoja kwa ajili yao.

"Nimekusikia, Sista," alisema Bwana Josho. "Safari hii nimekusikia."

Sijui siku gani nilipona kichwa. Najua asubuhi moja aliuokota ule mzinga niliouacha nusu, akaugeuzageuza kwa hofu kama nyuki wamo tayari.

"Umepinda," alisema. "Nyuki wakiingia humu watadhani wamelewa."

"Watadhani wameingia josho lako," nilisema.

Alinigeukia. Akaenda mlangoni akachora mstari kwa nguvu mpaka chaki ikavunjika, kisha akaaga haraka, akisema ameacha ng'ombe. Wakati huo ng'ombe hakuwa naye hata mmoja, alishawauza wote.

Kama kuna mtu anasoma hapa ili ajue kilichonisaidia, sina jibu safi. Dawa moja ilipunguzwa, vitamini nilimeza kila siku, dagaa nilikula, mke wangu hakuondoka karibu yangu, na mzee mmoja alinitukana kila asubuhi. Vyote vilikuja pamoja. Dawa nilimaliza, makohozi yakapimwa, nikaambiwa nimepona.

Baadaye miguu yake ilianza kuvimba, na binti yake anayekaa Ikola akamchukua. Mwaka jana nilipata mteja wa mizinga huko, nikaenda kumtafuta. Nilimkuta ufukweni ameketi kwenye kigoda. Mbele yake dagaa wa binti yake walikuwa wameanikwa juu ya nyavu, eneo kama uwanja wa shule. Alikuwa na fimbo ya kuchungia na mabuti, na alikuwa akimpigia mluzi mbuzi aliyesogea.

"Msukuma," nilimwambia, "umepata kundi kubwa."

"Haliendi malishoni, haliombi maji," alijibu. "Ningejua mapema nisingefuga ng'ombe." Kisha akanitazama kuanzia miguuni. "Umenenepa mgongoni. Fungua kinywa."

Nilifungua. Alitazama, akatikisa kichwa kwa lile jino.

Tulikaa. Aliuliza habari za Mama Neema na za mlango. Halafu, akiwa anaangalia dagaa, akasema, "Nataka kukuuliza jambo, na usinifurahishe. Ile huzuni. Ni mimi niliyekuletea?"

"Umewauliza wengine?"

"Nimemuuliza nesi, nimemuuliza mkeo, nimemuuliza binti yangu ambaye hata hakuwepo. Wote wanasema hapana. Wanasema haraka mno."

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni. Alikuwa mzee, amevimba miguu, na ingenigharimu pumzi moja tu.

"Sijui," nilisema. "Daktari hakujua. Mimi nitajuaje."

Mbuzi alisogea tena, na mzee hakumfukuza.

"Haya," alisema hatimaye. "Sasa nimejibiwa." Akapumua kama aliyetua mzigo, ingawa sikuona nimempunguzia nini. "Na huko ninakokwenda nikiulizwa, niseme nini?"

"Sema ulikosea vitamini."

"Nitasema. Na wewe ukiulizwa habari zangu?"

"Nitasema ulikuja kila siku."

Alinitazama kwa jicho lile la kuhesabia getini.

"Kila siku?"

Nilifikiri. "Ulikosa mbili. Ile ya mvua kubwa, na ile uliyokwenda msibani Kasokola."

"Mbili," alisema. Alikunja vidole viwili akavishika kwa mkono mwingine, ameridhika. "Uzitaje na hizo."

Nimezitaja.